Trela Ndefu, Trela Fupi

Jumatatu, 24 Februari

Embu mjini tangu saa mbili asubuhi. Mbao zimepakiwa. Tumefunga minyororo sita, tukaongeza wa saba kwa sababu mkaratusi bado ni mbichi na unateleza. Mwaniki, mume wangu, yuko chini ya trela na mkebe wa grisi. Mimi niko ndani ya kichwa cha lori, viatu nimevua, napiga simu.

Nimempata Gitonga, yule broka wa Nairobi anayetugawia mizigo ya kurudi. Bei ya simiti imeshuka tena. Elfu moja mia mbili kwa tani hadi Meru. Kabla ya Krismasi ilikuwa elfu moja mia tano. Nimemwuliza kwa nini. Anasema kuna kampuni imeingiza trela nyingi, zote ndefu, na hawakatai mzigo wowote.

"Yenu ni fupi, Madam. Nitaiwekea nini?"

Nimekata simu kabla yake. Huo ndio ushindi wangu wa leo.

Mwaniki ametoka chini amenuna. Ufa kwenye boriti ya chasi umefunguka, palepale ulipochomelewa mwaka jana. Alinionyesha tu kwa kidole chenye grisi.

Jumatano, 26 Februari

Tumerudi tupu. Simiti tuliyoahidiwa amepewa mwenye trela ndefu. Kutoka Nairobi hadi Embu hatukubeba hata gunia moja. Trela tupu hupiga kelele kwenye kila shimo, kama sufuria zikianguka. Mwaniki akaimba ili nisiisikie. Anaimba vibaya, na maneno ya ubeti wa pili hayajui, anarudia wa kwanza.

Dizeli yote hiyo, kwa ajili ya wimbo.

Ijumaa, 28 Februari

Kwa Nyaga, fundi wetu, nyuma ya soko la Embu. Aligonga boriti na nyundo mara tatu, sikio karibu na chuma, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii nitaichomelea mara moja tu tena. Baada ya hapo usiniletee."

Bado ananiita Mwalimu. Ni miaka tisa tangu niache chaki. Nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la saba. Likizo moja nikapanda lori kumsaidia mume wangu kwa wiki mbili. Sikurudi.

Basi ni lazima tupate trela nyingine. Mwaniki anataka ndefu, ya ekseli tatu, yenye mbao za pembeni. Inabeba simiti, mahindi, mbolea. Kazi kila siku. Mimi nataka bapa, fupi, ya ekseli mbili, nyepesi, ambayo Nyaga anaweza kutujengea hapa hapa. Haina pembeni. Inabeba vile vitu vinavyokataa kuingia kwingine: matangi, nguzo, mitambo ya viwanda vya majani chai, vyuma vya paa. Vitu hivyo havilipiwi kwa tani. Hulipiwa kwa shida yake. Na inaweza kugeuka kwenye njia zetu za milimani, mahali ambapo ndefu itaziba barabara mpaka jioni.

Mwaniki anasema mzigo wa shida huja mara moja kwa wiki na watu hula kila siku. Ana haki. Mimi pia nina haki. Tulikunywa chai ya Nyaga, tukaondoka.

Jumamosi, 1 Machi

Meru. Kuna mtu anauza trela ndefu pale Makutano, kando ya kituo cha mafuta. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Tairi zote kumi na mbili ni nzima. Mwaniki aliizunguka mara tatu, akaipapasa ubavuni. Hajawahi kunipapasa hivyo mbele ya watu. Niliionea wivu trela.

Nilijaribu kuifikiria kwenye kona za mto Thuci, ile ya kushuka na ile ya kupanda. Haikugeuka. Nilikuwa nikijifikiria mimi nyuma ya usukani. Sikumwambia.

Mwenyewe atatusubiri wiki tatu. Njiani, baada ya Nkubu, pikapu mbili za miraa zilitupita kwenye mlima kana kwamba sisi ni mti. Kwa kawaida Mwaniki huwatukana kwa Kiembu. Leo hakuwaona. Alikuwa bado Makutano.

Nimekasirika kuliko jambo lenyewe linavyostahili. Kwa nini anaitaka namna hiyo? Tumeishi bila hiyo miaka ishirini.

Jumapili, 2 Machi

Nilimwona akivaa viatu vya kanisa. Mguu wa kulia aliuinua. Wa kushoto aliushika chini ya goti kwa mikono miwili, akauleta kwenye kiatu.

Nikakumbuka Thuci jana. Mkono wake ulishuka pajani kila alipobadilisha gia. Nilidhani anajikuna.

Mguu wa kushoto ndio wa klachi.

Kanisani aliimba besi. Mimi sikuimba.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwuliza. "Mguu umelala tu. Ni baridi." Ni Machi, hata hapa kwetu Kanja hakuna baridi. Nimemwambia hivyo. Akatoka kwenda kuangalia majani ya ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ameshakula.

Gitonga amepiga. Ana mkataba wa simiti, safari kila siku, mwaka mzima, kwa ile ile elfu moja mia mbili. Trela ndefu peke yake. Anataka jibu kufikia tarehe ishirini na moja. Mwaniki alichukua simu akaongea naye uani, na nilimsikia akicheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Halafu Karimi, binti yetu, mtoto wetu wa pekee. Anafundisha Maua.

"Mami, uzeni hilo lori mfuge ng'ombe wa tatu."

"Ng'ombe hatatupeleka Nairobi."

Alicheka. Kisha akaniuliza baba anatembeaje siku hizi. Kumbe naye ameona, alipokuja Krismasi. Mimi ninayelala naye kitanda kimoja nimekuwa wa mwisho kujua.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi. Kazi ya kweli.

Anaitwa Kathure, mwanakandarasi wa Meru mjini. Anajenga wodi ya akina mama kwenye zahanati, mbele ya Ishiara. Kuta zimesimama, za matofali ya udongo, hazina paa, na mvua iko wiki mbili au tatu mbele. Kenchi za paa, zile pembetatu za chuma, zimeundwa Meru. Dereva mmoja wa trela ndefu alienda kuiangalia barabara akarudi akakataa. Kona haimtoshi. Na kenchi ni pana, zingegonga mbao za pembeni.

Aliniuliza bei. Nilikuwa nimeshaipiga hesabu kichwani akiwa bado anaeleza. Niliitaja kwa safari nzima, si kwa tani. Akasema ni ya juu. Nikamwambia barabara nayo ni ya chini. Akakubali. Ni zaidi ya safari tatu za simiti.

Mwaniki alinitazama nilipoweka simu chini. "Hiyo umeipata vizuri, Mama Karimi." Ni mkarimu hata akishindwa. Hilo linaniudhi pia.

Nyaga anaichomelea boriti. Mara ya mwisho, amesema.

Jumatatu, 10 Machi

Meru, kupakia. Kenchi ishirini na nne. Nilipanda juu mwenyewe. Wafanyakazi wa Kathure walitaka kuzilaza zote upande mmoja, nikazigeuza, moja hivi, moja vile, ili uzito ukae katikati. Vipande vya mpira wa tairi kuukuu kati ya chuma na chuma. Minyororo minane, na mikanda juu yake. Nilivuta kila mmoja mara mbili.

Mwaniki alikaa chini kwenye jiwe akinitazama. Zamani angekuwa juu nami. Aliponiona namtazama alipunga mkono, akanyanyua mfuko. Alikuwa ameninunulia ndizi za kuiva, zile ndogo.

Kesho asubuhi tunashuka.

Jumanne, 11 Machi

Nitaandika yote, taratibu, nikianza na mwisho: tuko hai na mzigo umefika.

Thuci tulivuka salama. Tukaacha lami kubwa, tukaanza kushuka upande wa Ishiara. Joto likapanda. Miti ikapungua, udongo ukawa mwekundu, kisha wa kijivu. Mwaniki alikuwa ameacha kuficha. Kila gia aliinua mguu kwa mkono, akauweka juu ya klachi kama mtu anayeweka mzigo kwenye mizani.

"Baba Karimi, simama. Niachie."

"Na mzigo huu?"

"Nina leseni ya trela. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha na trela tupu, kwenye tambarare."

Hakusimama. Nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu la leo, niliandike.

Kona ya tatu ni kali na baada yake kuna mteremko mrefu. Alitaka kurudi gia ya tatu. Aliitoa ya tano, mguu ukagoma. Niliona paja likitetemeka na kiatu hakikwenda popote. Gia haikuingia. Injini ikatoa sauti nyepesi, ya gari lisiloshikwa na kitu. Lori likawa huru.

Alikanyaga breki. Ilishika, ikashika, kisha nikasikia harufu ya kuungua. Chini, katikati ya barabara, mwanamke mmoja na punda wawili wa maji. Hakuwa ametuona. Mwaniki alipiga honi, macho yake yakiwa kwenye mguu wake. Aliutazama kama mtu aliyemkosea.

Mkono wa breki ya trela uko kando ya usukani. Niliufikia juu ya mikono yake. Alinifundisha: usivute kwa hasira, trela itakuzunguka ije kukuona uso kwa uso. Nikavuta kidogo. Nikaachia. Nikavuta. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, kwa Kimeru, sijui kwa nini. Nyuma nilisikia kenchi zikilia. Mwaniki akazinduka. Akalipeleka lori upande wa kushoto kwenye ukingo wa udongo, tairi zikasugua, zikapanda kidogo, vumbi likafunika kioo.

Tukasimama.

Vumbi lilipotua nikaona punda wakiendelea na safari yao. Yule mama alikuwa amesimama, mkono kifuani. Nilimpungia. Naye akanipungia. Basi.

Mwaniki aliweka paji la uso kwenye usukani. Alilia bila sauti. Sijamwona akilia tangu tulipomzika mama yake.

"Ningekuua."

"Hukuniua."

"Ningekuua, Gatwiri."

Haniiti jina langu mara nyingi. Nilimshika shingo kwa nyuma, ilikuwa imelowa. Kisha nikamwambia ashuke azunguke upande wangu. Alizunguka akiushika mwili wa lori, mkono kwa mkono. Mimi nilienda kuangalia mzigo. Kenchi moja imesogea upana wa kiganja. Minyororo yote minane imekaa.

Tulingoja breki zipoe. Nikakaa kwenye kiti chake, nikakivuta mbele. Niliwasha.

Njia yote iliyobaki niliishuka kwa gia ya pili. Mwaniki alikuwa akisema polepole, "Sasa. Achia. Tulia. Ngoja iwe nzito. Sasa." Sauti ile ile ya kunifundisha. Baada ya daraja dogo alinyamaza. Nilidhani ameumwa. Nilipogeuka alikuwa anatazama nje dirishani, kama abiria.

Nesi msimamizi wa zahanati alitoka na jagi la maji. Akauliza dereva ni nani ampe kwanza. Mwaniki akanionyesha kwa kidevu.

Kuta za wodi ni nzuri. Kuna dirisha linaloangalia mashamba ya ndengu. Niliingia nikasimama ndani, juu yangu mbingu tupu. Hapo ndipo nilipolia mimi.

Jumatano, 12 Machi

Mikono inauma hadi mabegani. Nyumbani Kanja. Amenichemshia maji ya kuoga bila kuombwa. Nimempaka dawa mgongoni. Nimepitisha kidole kwenye uti wa mgongo wake kutoka juu hadi chini. Amekonda.

Nimemwambia keshokutwa ni hospitali.

Ijumaa, 14 Machi

Hospitali, Embu. Wamempiga picha. Daktari ni kijana mpole, alituchorea kwenye karatasi: kisahani kati ya mifupa kimetoka mahali pake na kinakandamiza neva ya mguu. Si jambo la juzi. Akichelewa zaidi mguu hautarudi. Wamemlaza; atafanyiwa upasuaji Jumanne.

Kuendesha lori? Daktari alitikisa kalamu. Gari dogo, labda, baadaye. Lori, asitumaini.

Mwaniki aliuliza jambo moja tu. "Na kupanda? Kukaa tu pale kando?"

Baada ya miezi mitatu, akasema daktari, akiona mgongo umekubali.

Hakuniangalia wakati anauliza.

Jumapili, 16 Machi

Saa ya kuwaona wagonjwa. Nimempelekea uji na mboga. Ameniambia.

Amejua tangu Novemba. Alikuwa anashuka kutoka kwenye lori kule Chuka, mguu ukamkatalia, akaanguka kama gunia. Akaamka akajipangusa. Hakunieleza. Akaanza kufikiria trela ndefu. Trela ya simiti ni kazi ya lami, dereva yeyote wa kuajiriwa anaiweza. Pesa ni kidogo lakini zinaingia kila mwezi. Yeye hata akikaa kitini, mimi nitakaa Kanja, miguu juu, sitapanda tena juu ya mizigo.

"Nilitaka nikuachie kitu kinachojiendesha chenyewe."

Nikamwambia yangu. Kwamba nilitaka fupi kwa sababu fupi naiweza. Kwamba niliichukua ile leseni kwa dhati ingawa yeye alidhani ni mchezo. Kwamba nilikuwa nimeona nywele zake zimekuwa nyeupe na nilijua siku itakuja, hata kama sikujua ya mguu, na nilitaka siku hiyo awe kando yangu, mimi nikiendesha.

Akanitazama. Wiki mbili nzima tulinuniana, kila mmoja akitafuta trela kwa ajili ya mwenzake.

Tulicheka hadi muuguzi akaja kuangalia. Mwaniki alishika mgongo akicheka na kuumia. Halafu kicheko kikaisha, na akasema hapana. Hataki nife Thuci.

Nilikasirika. Nikamwambia yeye amepita Thuci miaka ishirini na sikumfungia mlango. Nilisema kwa sauti. Mzee wa kitanda cha pili akajifunika shuka.

Nimeondoka bila kumuaga vizuri. Najuta. Upasuaji ni keshokutwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi asubuhi, kabla ya saa ya wageni. Nimemwomba mlinzi. Nikamuaga vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Aliingia saa tatu. Karimi alikuja kutoka Maua, tukakaa kwenye benchi. Hakusema habari ya kuuza lori. Alinishika mkono akaukuta una sugu, akazigusa moja moja.

Saa saba wakamtoa. Amelala mdomo wazi. Daktari anasema imeenda vizuri. Muuguzi alimkuna wayo kwa kalamu, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kikasogea.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya jibu la Gitonga.

Sikuwa nimegusa jambo hilo tena. Nilikwenda na nguo safi, nikakusudia kumwambia achukue ile ndefu kama ndiyo itakayompa usingizi. Kweli. Nilikuwa nimechoka kushinda.

Nilimkuta ameegemezwa kwenye mito, simu mkononi. Alinionyesha kiti. Alikuwa tayari anampigia, akaweka sauti juu ili nisikie.

"Gitonga, ule mkataba hatuchukui."

"Mzee, utajuta. Nina watu kumi wanaulilia."

"Wape."

"Shida ni nini? Ni bei?"

"Bei ni mbaya, ndiyo. Lakini pia dereva wangu hapendi simiti."

"Dereva wako nani?"

"Umemzoea. Yeye hukukatia simu."

Akaiweka chini kwenye shuka. Nilimwuliza kwa nini. Akasema ametafakari wiki nzima akitazama dari. Pale kwenye mteremko mimi ndiye niliyevuta breki vizuri. Yeye angeivuta kwa hasira.

Nimepita kwa Nyaga nikitoka hospitalini. Ekseli mbili, bapa, vishikio vya kufungia minyororo kila hatua moja, nguzo za pembeni za kuchomoa. Alichora na chaki sakafuni. Nilirekebisha mchoro wake mara mbili, na chaki mkononi nilijisikia nyumbani.

Nikiwa njiani kurudi Kanja ndipo nilipoogopa. Tumekataa kazi ya uhakika. Hakuna anayejua kama watu watampa mwanamke mmoja na trela fupi mizigo yao. Naogopa sana. Nimeandika ili itoke kichwani. Haijatoka.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua, tangu jana. Mwaniki yuko nyumbani. Hutembea hadi langoni na fimbo, hurudi, hukaa. Langoni husalimia kila apitaye mpaka wachoke.

Kathure amepiga. Paa lilimalizika siku nne kabla ya mvua. Anasema wanapaka rangi ndani sasa.

Wiki hii nimekataa kazi mbili. Moja walitaka nguzo za umeme zifike Maua kwa bei isiyotosha dizeli. Ya pili ilikuwa ya haki, na niliikataa kwa kiburi na kwa sababu trela haijaisha. Nimejuta. Nimempigia tena yule mtu nikamwomba radhi, nikamwambia lini itakuwa tayari. Akasema atangoja ikiwa sitachelewa.

Ile ndefu ya Makutano imeuzwa. Nilimwambia Mwaniki. Akasema tairi zilikuwa nzuri. Nikasema ndiyo, zilikuwa nzuri.

Jumatano, 23 Aprili

Safari ya kwanza na trela mpya. Peke yangu.

Ni tangi la maji la chuma, kutoka Embu hadi kiwanda kimoja cha kahawa huku milimani. Mzigo wa yule aliyengoja. Rangi ya trela bado inanuka. Ni nyepesi mpaka nilidhani nimeisahau nyuma, nikaangalia kioo mara kadhaa. Barabara ilikuwa tope. Kwenye mlima niliipa muda, haikulalamika.

Kugeuza kiwandani, nimerudi nyuma mara tano. Mara ya tatu nimeangusha nguzo ya ua. Wazee wa kamati walikuja wote kuiona. Nilishuka, nikaomba msamaha, nikaisimamisha mwenyewe na jiwe. Mmoja akaniambia hata dereva wa mbolea huiangusha kila msimu.

Wamenilipa tulivyokubaliana, papo hapo, na mwenyekiti ameniuliza namba yangu. Kuna mashine ya kumenya kahawa inatoka Meru mwezi ujao, na kila waliyemwuliza ana trela ndefu.

Nilisimama kando ya barabara Manyatta nikampigia Mwaniki kabla sijafika nyumbani. Hakuuliza kama nimefika salama. Aliuliza kama klachi inashikia juu au chini. Juu, nikasema. Akasema Jumatatu nimwambie Nyaga aiteremshe kidogo, mguu wangu si mrefu kama wake.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua asubuhi, jua mchana. Hakuna mzigo leo.

Mwaniki amepika. Mara ya kwanza tangu tuoane, nadhani. Alikaa kwenye kiti kifupi akimenya viazi, ganda nene, nusu ya kiazi ikienda kwa ng'ombe. Mahindi yalikuwa magumu kidogo na majani ya maboga ameyaweka mengi. Nimekula sahani mbili.

Baada ya chakula tulikaa uani. Kahawa imetoa maua, shamba lote la jirani ni jeupe na harufu inafika hapa. Yeye alikuwa na fimbo mapajani. Mimi nilikuwa nashona glavu ya kazi iliyochanika.

"Jumatatu unapakia wapi?" akaniuliza.

"Chuka. Nguzo za saruji, za shule."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu niwe pale. Kwa Nyaga nitapita saa kumi na mbili."

Alitikisa kichwa. Akafikiri.

"Basi nitakuamsha saa kumi na moja," akasema. "Nitakufungia chakula."